Kifupa Chini ya Kidole Gumba

Bwenini, 4 Agosti

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, sanduku limefika salama, na ule mfuko wa pili uliosema hautafika nao umefika, ila mpini umekatika. Mpe Baba Mdogo shikamoo yangu. Mwambie ile kamba aliyofungia sanduku ilinishinda, ikabidi mlinzi wa bweni aje na kisu, akaniuliza kama nimebeba simba.

Ulisema niandike, nisipige simu, kwa sababu kwenye simu unapaza sauti na saluni nzima inapata habari zangu. Basi nimekaa kitandani, miguu juu ya sanduku, naandika. Chumba ni chembamba. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Dirisha linatazama nyuma ya jiko la bweni, kwa hiyo najua kila siku tutakula nini kabla ya wenzangu.

Kozi yenyewe inaanza Oktoba, lakini sisi tuliochaguliwa kusomea eksirei wametutanguliza hospitalini, tukae na wataalamu tuione kazi kwanza. Anayeona haimfai anaruhusiwa kubadilisha kozi mpaka mwisho wa Septemba. Aliyepewa kunitazama ni mama mmoja mfupi, mnene, anayetembea bila kutoa mlio. Wagonjwa wanamwita Bi Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake: "Taratibu, mama. Taratibu, baba. Taratibu na huo mguu."

Chumba cha eksirei ni cha baridi, mashine zinataka baridi, basi navaa sweta. Kuna meza ndefu inayopanda na kushuka, na mashine inayoning'inia darini. Ikiwashwa taa yake inachora mraba wa mwanga juu ya mwili wa mgonjwa, na msalaba katikati. Siku ya kwanza nilivaa aproni ya risasi, nzito kama umebeba mtoto aliyelala. Baadaye nilikaa kidogo koridoni, joto tu. Usijali.

Nakupenda. Usinywe chai kavu mchana ukasema umekula.

Binti yako,
Kijiti


Nyumbani, 11 Agosti

Kijiti wangu,

Marahaba. Barua yako imekuja nikiwa na kichwa cha mtu kwenye sinki, nikakiacha na povu lake nikaenda kusoma nyuma ya pazia. Mwenye kichwa amenisamehe.

Sasa, aproni ya risasi! Nilipofika hapo nilikaa. Nikajiuliza, hiyo ni hospitali au kambi ya jeshi, mtoto wangu anakingwa na nini? Nimewatangazia wateja wote kwamba huko wanapigana. Jioni Baba yako Mdogo ndipo akanieleza kwamba si risasi ya bunduki, ni yale madini mazito yanayozuia mionzi. Sasa nimetulia, lakini mtaa mzima unakuombea.

Mama Pacha anauliza kama utampigia binti yake picha za harusi. Nimemwambia ukimpiga bibi harusi picha zitatoka mbavu tupu. Amesema basi.

Nije kwenye lililoniumiza. Umeandika chumba ni cha baridi mpaka unavaa sweta. Mistari miwili mbele ukaandika ulikaa koridoni kwa sababu ya joto. Mwanangu, mimi nimekulea tangu unatambaa, tangu dada yangu alipotutoka. Ulipokuwa unaiba sukari nilikuwa najua kwa namna ulivyofunga mlango. Usinipige chenga. Ulianguka?

Kama ulianguka, si hoja. Mimi siku ya kwanza ya kujifunza ususi nilimchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele, nikalia kuliko yeye. Leo nina saluni, viti vitatu, na draya mbili za kukaushia nywele, moja nzima. Wewe una mikono myepesi. Ulipokuwa unanisaidia kusuka, watoto wasiokubali kuguswa na mimi walikuwa wanalala mapajani mwako. Hiyo mikono haikwenda popote, umeibeba.

Kula. Lala. Andika ukweli.

Mama yako Mdogo


Bwenini, 17 Agosti

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sawa, nilianguka. Aliletwa mtu wa ajali ya pikipiki, mguu umegeukia kusiko, nikaona ukuta unakuja. Nilipozinduka Bi Taratibu alikuwa ananipepea kwa bahasha ya picha. Hakucheka. Alisema naye yalimpata.

Lakini kuanguka si kitu. Juzi aliletwa mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Ili picha itoke lazima mguu unyooshwe na goti liinuliwe kidogo, na kazi yangu ilikuwa kusukuma mto chini ya goti, basi. Nilipomgusa akapiga ukelele, "Unaniua, binti!" Mama Mdogo, alinitazama machoni akisema hivyo. Nikaachia mto. Bi Taratibu akamaliza mwenyewe. Picha ilitoka vizuri, ila mimi nilishatoka kabla yake. Nilikaa stoo, kati ya maboksi ya glovu, nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Mikono myepesi ilifaa nywele. Nywele hazina maumivu. Hapa kila mtu unayemgusa tayari anaumia, na wewe unakuja kumwambia ageuke upande huohuo unaouma.

Kuna kozi nyingine, ya kutunza kumbukumbu za hospitali. Unakaa na kompyuta, humgusi mtu. Nafasi bado zipo. Sijaamua, nimeuliza tu. Wewe unaonaje? Sema kama unavyosema siku zote, hata ukinifokea.

Binti yako,
Kijiti


Nyumbani, 25 Agosti

Kijiti,

Habari za huko. Anayeandika ni mimi Baba yako Mdogo. Mama yako Mdogo mikono yake ina dawa ya nywele.

Anasema barua ameipata. Anasema kuhusu kozi, fanya unavyoona wewe. Anasema ule vizuri.

Hapa mvua. Friji ya duka la kona imetengemaa.

Wako,
Baba Mdogo


Bwenini, 30 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yenu mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Imenichukua muda mrefu zaidi kuikunja kuliko kuisoma.

"Fanya unavyoona wewe." Tangu nimezaliwa hujawahi kuniambia hivyo. Nilipotaka kukata nywele ulikuwa na la kusema. Nilipotaka viatu vyeusi ulisema vya kahawia. Leo nakuuliza jambo la maisha yangu, unaniambia nifanye ninavyoona, tena kwa mwandiko wa mtu mwingine?

Najua umekasirika. Umeshawatangazia mtaa mzima kwamba mwanao anakwenda kuwa mtaalamu, na mimi nakuletea habari za kujificha stoo. Una haki. Lakini nikasirikie kwa mkono wako. Na hiyo dawa ya nywele inayokaa mikononi mpaka huwezi kushika kalamu hata jioni, ni dawa gani?

Nimechukua fomu ya kubadilisha kozi. Iko chini ya mto. Sijaijaza. Siku nilipoichukua Bi Taratibu aliiona ikichungulia kwenye begi, akanipa chai.

Kijiti


Karakana, 6 Septemba

Kijiti,

Leo naandika kwa akili yangu. Mama yako Mdogo hajui. Niko huku nyuma kwenye karakana, friji tatu zinanitazama.

Hajakasirika. Ile jioni ilipokuja barua ya yule mzee na mto, alisoma, akasema, "Mtoto wangu analia stoo peke yake." Kesho yake asubuhi, mawazo yake yote yakiwa kwako, aliteleza kwenye maji ya sinki pale saluni akaangukia kiganja. Mkono wa kulia.

Tulikwenda zahanati. Wakampiga picha, wakasema hawaoni mvunjiko, pengine ni mshtuko wa mishipa. Wakamfunga bendeji, wakampa vidonge, wakasema akiona haponi arudi. Haponi. Hataki kurudi. Anasema wameshasema haujavunjika, kwa nini awasumbue watu. Anajikaza kisabuni. Lakini hawezi kushika kitana. Hawezi kuzungusha ufunguo. Akibana rola jasho linamtoka. Uvimbe ulishapungua, maumivu yamebaki sehemu moja, chini ya kidole gumba. Jana alimpa mteja chai kwa mkono wa kushoto akasema ndiyo mtindo mpya.

Alinikataza nisikuambie. Alisema, "Akijua atapanda basi arudi, na akirudi hatoki tena." Na kuhusu kozi alitaka kukuandikia mengi. Alinitajia nusu ukurasa, halafu akaniambia nifute. Alisema, "Nikimwambia asiache, siku akijua nimeumia atanitii kwa kunihurumia tu. Nikimwambia aache atadhani nimemkatia tamaa. Andika afanye anavyoona." Ndivyo nilivyoandika. Mimi mtu wa kuandika mafupi, sikujua yataumiza.

Ukipiga simu atasema hajambo. Usimwambie nimekuambia. Au mwambie, nimechoka kuficha.

Baba Mdogo


Bwenini, 10 Septemba

Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole, na nimekasirika, na nakupenda, yote kwa pamoja.

Baba Mdogo ameniambia. Usimfokee. Amefanya vizuri.

Nilikuwa nimeshafunga begi. Nilikwenda hospitalini kuaga tu. Bi Taratibu akaniuliza naenda wapi na begi, nikamweleza: ameteleza, ameangukia kiganja, picha ya kwanza haikuonyesha kitu, uvimbe umepungua, maumivu yamekaa chini ya kidole gumba. Alikuwa anafuta meza. Akaacha kufuta.

"Hebu keti," akasema. "Inua kidole gumba juu, kama unaomba lifti. Unaona kishimo hicho hapo chini yake? Hapo ndipo panapomuuma?"

Nikasema sijui, nadhani.

"Ndani ya kishimo hicho kuna kifupa, ukubwa na umbo kama korosho. Mtu akiangukia kiganja, hicho ndicho kinachopokea. Na kina tabia moja mbaya: ufa wake siku za mwanzo mara nyingi hauonekani. Mpigaji anaweza kupiga vizuri, daktari akasoma vizuri, na bado usionekane. Baada ya wiki mbili hivi ndipo unajitokeza. Kikiachwa bila kufungwa, damu inakifikia kwa shida, kinaweza kisiunge."

Mama Mdogo, hakusema umevunjika. Alisema hawezi kusema bila kuona. Lakini urudi. Nenda na picha ya kwanza. Ukifika waambie maumivu yako wapi, onyesha kwa kidole kimoja, na uwaambie yamekuwa hapohapo tangu uanguke. Watajua la kufanya.

Nikamwambia nitakwenda nikupeleke mwenyewe. Akasema, "Unaweza kwenda kumshika mkono, na ni jambo jema. Lakini basi linachukua siku nzima, na baba yako yupo huko na miguu miwili." Halafu akawasha ile taa ya kupimia tu, isiyo na mionzi. Akanikalisha kando ya meza, akalaza kiganja changu chini, akaupindisha mkono polepole kuelekea kidole kidogo, ili kile kifupa kijinyooshe kisijifiche nyuma ya wenzake. "Hivi ndivyo watakavyomweka mama yako. Sasa niweke mimi."

Nikamweka. Mara ya kwanza nilimgusa kama yai. Akasema, "Usiogope kunigusa. Mtu anayemshika mgonjwa kwa woga anamtia woga." Mara ya pili nikamshika vizuri. Msalaba wa taa ukakaa palepale juu ya kishimo. Nilikuwa nawaza mkono wako tu, nikasahau kuogopa.

Begi nimelifungua. Nisipopata barua kwamba umekwenda, nalifunga tena. Hicho si kitisho, ni taarifa.

Binti yako,
Kijiti


Nyumbani, 19 Septemba

Kijiti wangu,

Naongea mimi, anaandika Baba yako Mdogo. Nimemwonya aandike ninachosema, asifupishe. (Naandika kila kitu.)

Nilikwenda. Siyo kwa sababu ya hilo begi lako. (Ni kwa sababu ya begi.) Safari hii tulikwenda hospitali kubwa. Mpigaji ni kijana mwenye ndevu changa, ana sauti ya chini kama anaongea na kuku anayetaga. Nikamwonyesha kwa kidole kimoja, kama ulivyosema. Akasema, "Mama, nani amekuelekeza?" Nikasema, "Mwanangu, anasomea kazi yako." Nilisema kwa sauti, Kijiti, wote kwenye benchi walisikia.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililotaka kukuambia tangu siku ile, ila nilikuwa sijalijua bado. Yule kijana alinieleza kila kitu kabla ya kunigusa. "Nitashika hapa. Nitageuza hivi. Itauma. Ukisema simama, nasimama." Nikadhani ni maneno tu. Akageuza, moto ukapanda mpaka begani, nikamwita majina ambayo Baba yako Mdogo anakataa kuandika. (Nimekataa.) Nikasema simama. Akasimama kweli! Akangoja, mikono yake ikabaki palepale. Akaanza tena, nikasema simama, akasimama tena. Mara ya tatu nikaugeuza mwenyewe.

Kumbe unaweza kumuumiza mtu na akakushukuru. Nilimshukuru, Kijiti. Nilimshika bega kwa mkono mzima. Na yule mzee wako pengine naye alishukuru walipomaliza, lakini wewe ulikuwa umeshakimbilia stoo, hukumsikia. Ukelele wake haukuwa wako. Ulikuwa wa nyonga yake. Laiti ungebaki na ule mto, angepata mtu wa kumpigia kelele, na hiyo peke yake ni nafuu. Mimi bila yule kijana wa kumtukana ningezimia.

Ufa umeonekana. Daktari ametuonyesha mstari mwembamba kama unywele. Nimemwambia mimi ni msusi, hata nikivunjika navunjika unywele. Hakucheka, labda hana mke. Amenifunga plasta ngumu mpaka kidole gumba, amesema tumewahi, kitaunga.

Saluni haijafungwa. Mimi nakaa kwenye kiti natoa amri, Mama Pacha anasuka, na kuosha vichwa anaosha fundi friji. (Ni kweli.) Wateja wanasema ana mikono mizuri kuliko mimi. Nikipona nitamrudisha karakana haraka. (Sina haraka.)

Kuhusu ile fomu chini ya mto. Sasa naweza kusema bila kuogopa kwamba unanihurumia, kwa kuwa nimepata dawa. Kama roho yako iko kwenye kompyuta, nenda kwenye kompyuta, nitawatangazia mtaa hilo nalo. Lakini kama unaikimbia hii kazi kwa sababu maumivu ya watu yanakuuma, basi sijui unataka kuwaachia nani. Wale yasiowauma?

Nimemaliza. Mwambie Bi Taratibu siku akija huku nywele zake ni zangu.

Mama yako Mdogo

(Amelala sasa. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke amelala bila kugumia. Asante, mwanangu. B.M.)


Bwenini, 3 Oktoba

Mama Mdogo mpendwa, na Baba Mdogo muosha vichwa,

Shikamooni. Nimejiandikisha. Eksirei. Foleni ilikuwa ndefu, na karani aliandika jina langu kwa makosa, nikamrekebisha kwa ukali kidogo, akasema, "Huyu anajua anachotaka." Sikujua kama inaonekana usoni.

Nilitaka kuishia hapo, lakini lazima niwaambie la juzi, maana Bi Taratibu amelisimulia hospitali nzima na ni bora mlisikie kwangu.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho kabla ya masomo. Aliletwa baba mmoja mrefu, dereva wa lori, ana kikohozi kisichoisha. Picha ya kifua. Bi Taratibu akanivuta kando, akasema, "Huyu wako. Mimi nasimama nyuma yako, kitufe ni changu, mengine yote yako."

Nikajitambulisha. Nikamweleza nitakachofanya. Nikamsimamisha mbele ya bamba linalopokea picha, kidevu juu, mikono kiunoni, nikamsukuma mabega mbele yote mawili, na hayakuwa mabega madogo. Akasema, "Unanikunja kama kiti." Nikasema, "Kiti kizuri, baba, tulia hivyohivyo." Nikaingia nyuma ya kioo kinachotukinga na mionzi, nikasogelea kipaza sauti, nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua: "Vuta pumzi ndefu, baba. Ndefu zaidi. Sasa ishikilie!"

Bi Taratibu akabonyeza. Mashine ikalia. Na picha ikaja kwenye skrini.

Mama Mdogo, sijui nikuelezeje. Mbavu zimejipanga, moyo umelala upande wake, mapafu yamejaa hewa, meusi, mapana, na chini kabisa ule mstari wa kivuli ambapo kifua kinaishia. Hakuna kilichokatwa, hakuna kilichocheza. Nilisimama mdomo wazi. Nilisogea karibu. Nikahesabu mbavu moja moja kama mjinga.

Nyuma yangu Bi Taratibu akasema polepole, "Binti, mtoto wa watu bado ameshikilia."

Nikageuka. Dereva wa lori amesimama palepale, kidevu juu, mashavu yamevimba, macho yamemtoka, na shingo imeanza kupata rangi nyingine. Nilirukia kipaza sauti karibu kukimeza. "Pumua, baba! Pumua!"

Akaachia pumzi mpaka karatasi mezani zikacheza. Nikatoka mbio kumwomba radhi, nikamletea kiti, nikamletea maji, na Bi Taratibu nyuma ya kioo amejishika mbavu kwa kicheko, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Yule baba alikunywa maji yote. Akafuta mdomo. Akasema, "Usiombe radhi, binti. Ulisema nishikilie kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Ndiyo maana sikuthubutu kuachia."

Binti yenu,
Kijiti
Mwanafunzi wa eksirei, mwaka wa kwanza